Yaya Aliyewafungia Marais Virago

Mimi nina vani saba. Nalisema hili mwanzoni ili msome mkijua ni nani anawaandikia. Shule niliiacha darasa la sita, Kiingereza nikajifunzia kwenye ngazi za watu nikiwa nimebeba kochi begani, na leo ukihama hapa Birmingham, uwe unatoka Aston au unaingia Saltley, uliza mtu yeyote anayesema Kiswahili ni nani anahamisha nyumba nzima bila kuvunja kikombe. Watakuambia: Mavani. Mavani ndiye mimi. Hata mke wangu, nesi mwenye vyeti vyake ukutani, akifurahi huniita hivyo.

Sasa, mwanamume kama mimi si rahisi akubali kwamba kuna aliyemzidi kazi. Lakini yuko. Ni mwanamke, mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi, na maisha yake yote hakuwahi kumiliki hata toroli. Alihamisha marais. Marais pamoja na wake zao, watoto wao, mama mkwe mmoja aliyekuwa mkali kuliko jeshi, na kobe. Sote tulimwita Yaya.

Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi sikuuliza, naye hakusema. Ukimchokoza alikuwa akijibu, "Mimi nilizaliwa siku niliyopewa mtoto wa kwanza kumshika. Kabla ya hapo nilikuwa nazubaa tu." Alikaa Sparkhill miaka mingi, nyuma ya maduka ya vitambaa ya Stratford Road, kabla hajarudi Kenya mwaka jana kwa mpwa wake. Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, safi, kimepigwa pasi. Sisi wa bara shikamoo haituingii sana kinywani, lakini mbele yake iliingia. Usipoisema, alikutazama mpaka ikakutoka yenyewe.

Hadithi yake aliieleza kwa pumzi moja, huku akikunja nguo. Alikuwa yaya Nairobi kwa familia ya balozi mmoja. Balozi akahamishiwa Amerika ya Kusini, akaenda naye. Balozi akahamishwa tena, mkewe akamwachia rafiki yake, mke wa jenerali.

"Siku ya Ijumaa nililala yaya wa jenerali," alikuwa akisema. "Jumatatu nikaamka yaya wa rais. Watoto ni wale wale, kamasi ni zile zile."

Jenerali akaangushwa, akaja rais wa pili, akaja wa tatu, na Yaya alikuwa pale pale. Binti mkubwa wa huyo wa tatu ndiye aliyekuja kusoma Uingereza, akamleta. Binti akaolewa, akaenda zake, na Yaya akabaki Birmingham akipiga pasi mashuka ya hospitali mpaka akastaafu.

Nchi yenyewe sitaitaja. Alinikataza. "Wale watoto sasa wana wajukuu," alisema. "Hawajanituma niwatangaze kwamba walikojoa kitandani ikulu." Nami nimetii, ingawa mdomo unaniwasha.

Siasa ya nchi ile hakuijua hata kidogo. Ukimwuliza rais wa pili alikuwa wa chama gani, alifikiri kidogo, akasema, "Chama cha wasiokula vitunguu." Yeye alizijua familia. Alijua ni mke wa rais yupi aliyelala na viatu miguuni kwa kuhofia mapinduzi, na ni yupi aliyelala usingizi wa pono mpaka mapinduzi yenyewe yakamgongea mlango. Alijua mama mkwe wa jenerali ndiye aliyechagua waziri wa kilimo, kwa sababu mtu huyo alikuwa akimletea jibini nzuri. Rais wa pili alikaa ikulu wiki tano tu. "Hakufungua hata boksi la vijiko," Yaya alisema. "Alikula kwa vijiko vya aliyemtangulia mpaka siku anaondoka. Na tukamfungia vijiko vyake vile vile vilivyokuja, havijaona mwanga." Mwanawe wa kiume ndiye mwenye kobe. Alimficha kwenye beseni la kuogea la wageni, mgeni wa heshima kutoka nchi jirani akaingia kunawa, na kwa mujibu wa Yaya ule mpaka ulifungwa siku mbili. Hapo kwenye mpaka naamini alitia chumvi.

Alikuwa na misemo yake kuhusu mambo hayo, na hakuna mahali pengine nimeisikia. "Serikali ikitaka kuanguka, wa kwanza kujua ni mpishi, maana mke wa rais anaacha kuuliza kesho tutakula nini." Na huu: "Ikulu haina mwenyewe; jikoni ndiko kwenye mwenyewe." Siku moja nilijisifu mbele yake kwamba nimenunua vani ya nne. Akanitazama juu ya miwani. "Hongera, Bwana Mkubwa. Yule wa kwanza alikuwa na vifaru."

Tulivyojuana ni hivi. Nilikuwa na vani moja tu, kuukuu, mlango wake wa nyuma nimeufunga kwa kamba. Yaya akawa mteja wangu, anahama nyumba tatu tu kutoka alipokuwa. Nikafunga vitu vyake vizuri, nikaandika kwenye maboksi kama wanavyoandika wahamishaji wote: Jikoni. Nguo. Vitu Vingine.

Akaja na kiko... hapana, hakuwa na kiko, alikuwa na kijiko. Kila wakati alikuwa na kijiko mkononi, cha chai. Akagonga boksi nacho.

"Umeandika nini hapa, baba?"

"Jikoni, Yaya."

"Jikoni italia?"

"Vipi?"

"Nakuuliza, tukifika kule na kitu kisionekane, Jikoni itakaa chini ilie?"

"Hapana, Yaya."

"Basi usiandike kilichomo. Andika nani atakilia."

Nilidhani mama wa watu amechoka na jua, ingawa jua lenyewe hapa hatulioni. Ndipo akanieleza siku ya kwanza alipoihamisha familia ya rais. Waliambiwa saa sita mchana kwamba saa kumi magari yanakuja. Saa nne za kufunga ikulu! Mke wa jenerali akaanza kwa kushusha mapazia, mapazia ya serikali, akiyakunja huku anatukana. Askari wakatia vitu kwenye maboksi arobaini na ushei na kuandika, kama mimi, Vyombo, Nguo, Vitu Vingine. Wakafika kwenye shamba la mama mkwe, mvua inanyesha, na kitinda mimba akataka kikombe chake cha manjano. Bila kikombe kile hanywi, na asipokunywa halali, na asipolala nyumba nzima hailali. Maboksi yote yamelowa, kumi na tisa yameandikwa Vyombo.

"Nilimwona rais," Yaya alisema, "na magwanda yake na nishani zake kifuani, amepiga magoti kwenye tope, anafungua boksi la kumi na nne. Jana alikuwa na jeshi zima. Leo anatafuta kikombe. Nikasema moyoni, Mungu akinipa kuhamisha watu tena, sitaandika Vyombo."

Na Mungu akampa. Kesho yake alirudi ikulu kuchukua kibunda chake mwenyewe, alichokisahau kwa kufunga vya watu. Akakuta watoto wapya wamekaa ngazini, hawajui choo kiko wapi. Akawapeleka. Ndivyo alivyobaki.

Sasa niwaambie kitu. Mtindo ule ndio ulionifanya niwe Mavani. Nikaacha kuandika Jikoni. Nikaanza kukaa na mteja dakika tano na kumwuliza, katika nyumba hii ni nani atalilia nini? Utashangaa. Mwanamume mzima, mrefu kama mlingoti, anakwambia redio ya marehemu baba. Mama anakwambia mwiko wa sima. Naandika jina la mtu kwenye boksi, na boksi hilo linaingia mwisho ili litoke la kwanza. Watoto wanapata blanketi lao kabla kochi halijashuka. Habari zikaenea. Watu wakaniuliza, Mavani, hii akili umeitoa wapi? Nami nikawajibu, nikigonga kichwa changu kwa kidole: "Humu."

Nilisema hivyo miaka mingi. Yaya alisikia, akaendelea kukunja nguo.

Kwangu alikuwa mtu wa nyumbani. Mke wangu akiwa zamu, Yaya ndiye aliyekaa na watoto, hasa huyu mdogo wetu, Kanini. Kanini alikuwa hataki kula. Unamwekea chakula anakitazama kama barua ya kaunsili. Yaya alifanya jambo moja tu: alikipumulia kijiko pumzi ya moto, akakibandika kwenye ncha ya pua, kikaning'inia. Halafu akaendelea kuzungumza na watu wazima kama vile hakuna kitu usoni. "Eeh, na hali ya hewa je?" Kijiko kinacheza. Mtoto mdomo wazi kwa kucheka, na chakula kikaingia. Nimejaribu mimi, kijiko kinaanguka. Inasemekana inategemea pua.

Usidhani alikuwa malaika. Alisema mtoto hapigwi, lakini mimi alinirushia ndara kwa kukanyaga zulia na viatu, na shabaha yake ilikuwa nzuri. Alisema watoto wa wakubwa ni watoto tu, hawana tofauti na wa mchoma mahindi, lakini kwake ukinywa chai kikombe kiwe na kisahani na kisahani kiwe na kitambaa, na watoto wangu walipangwa mezani kwa umri kama mabalozi. Alidai hapendi umbea. Halafu akakuvutia kiti. Alisema amemaliza kazi ya kulea, amechoka, hataki kuona mtoto. Na mfuko wa koti lake ulikuwa na peremende, kitambaa cha kufutia pua, na soksi moja ndogo ambayo hakuna aliyejua ni ya nani.

Jambo moja lilimsumbua, na hakulisema ila mara moja. Watu hawakumwamini. Walimpenda, walimsalimia, walimletea maandazi, lakini akianza "nilipokuwa ikulu" walikonyezana. Mwanamke aliyepiga pasi mashuka ya hospitali, ati alikaa na marais watatu. "Sitaki wanisifu," aliniambia akikunja fulana ya Kanini. "Lakini wale watoto niliwalea kweli. Kama sikuwalea, basi nilikuwa wapi miaka ile yote?"

Hapo ndipo inapoingia aibu yangu. Naiandika kwa sababu nimejiahidi kuiandika.

Tulikuwa na sherehe ya chama chetu kwenye ukumbi mmoja Saltley. Wakenya, Watanzania, Wakongo, pilau moja. Mwenyekiti wetu ni mzee wa Lubumbashi, mtanashati, tai hata akienda kununua mkate. Yaya alikuwa anawasimulia akina mama habari ya mapazia ya serikali, ukumbi unasikiliza. Mwenyekiti akainua kidole.

"Mama, miaka yote tuko tunasikia marais, marais. Photo iko wapi? Leta hata moja tu, voilà, tunyamaze."

"Sina picha," Yaya akasema. "Nilikuwa kazini."

"Watu ya ikulu wanapigwa photo kila siku, mama! Hata mbwa ya ikulu iko na photo!"

Watu wakacheka. Halafu mtu akaita, "Si tumwulize Mavani! Yeye anamjua vizuri. Mavani, ni kweli ama si kweli?"

Ukumbi mzima ukanigeukia. Na mimi nikigeukiwa na ukumbi mzima, huwa natafuta neno la kuwachekesha. Nikasema, "Kama Yaya alihamisha marais, basi mimi niliihamisha ikulu yenyewe, kwa vani mbili!"

Ukumbi ukalipuka. Mwenyekiti alipiga meza. Mimi mwenyewe nilicheka, mpaka nilipomwona Yaya anakunja kitambaa chake mara nne na kukitia mkobani. Akapita karibu yangu.

"Sawa, Bwana Mkubwa. Boksi hili umeliandika vibaya. Utalifungua mwenyewe."

Miezi saba hakukanyaga kwangu. Shikamoo zangu alizipokea mlangoni, mlango nusu. "Marahaba. Kwaheri." Mke wangu akaninunia kwa zamu zote mbili. Kanini, ambaye sasa ni msichana wa chuo na Kiswahili anakisikia tu, alinijibu kwa Kiingereza maneno ambayo hata mimi wa darasa la sita niliyaelewa yote.

Halafu nikapata kazi ya kumhamisha profesa mmoja mstaafu, Mwingereza, Moseley. Nyumba ya vitabu. Vitabu ngazini, vitabu chooni. Nikamwuliza swali langu, ni nani atalilia nini, akasema yeye hana mtu, atalia mwenyewe kwa vyote. Sawa. Nikabeba. Boksi moja likapasuka kitako, vitabu vikamwagika sakafuni, na kimoja kikubwa kikafunguka kwenye picha.

Maandishi yalikuwa ya Kihispania, lugha nisiyoijua. Lakini jina la nchi kwenye jalada nililijua. Ni lile nililokatazwa kulitaja. Nikamwita profesa, akaniambia ni kitabu cha familia za marais wa nchi ile, aliishi kule miaka mingi akifundisha. Kila rais na picha yake, yeye, mke na watoto, kwenye ngazi za ikulu. Ni desturi yao, alisema. Rais akiingia tu, siku ya kwanza, familia inapangwa kwenye ngazi zile zile.

Nikakaa chini pale pale, juu ya boksi. Nikafungua kurasa. Nchi ile marais ni wengi, bwana! Ngazi ni zile zile, familia zinapita kama abiria. Na watoto wote, ukurasa baada ya ukurasa, wamekaza nyuso, macho kwenye kamera kama wako matangani. Nikafungua, nikafungua. Halafu nikafika kwa mwanamume mwenye nishani kifuani. Watoto sita. Wakubwa wanajizuia, midomo imebana. Wadogo watatu hawaangalii kamera. Wanaangalia pembeni, kushoto, kidogo chini, na wanacheka mpaka fizi zinaonekana.

Ukurasa unaofuata, familia nyingine. Rais mwembamba, mkewe ana uso wa mtu ambaye hajafungua maboksi. Kijana mmoja ameshika koti lake kama kuna kitu ndani kinachojongea. Anaangalia pembeni, kushoto, kidogo chini. Anacheka.

Ukurasa unaofuata, familia ya tatu. Pembeni. Kushoto. Kidogo chini. Kitinda mimba amefungua mdomo kabisa, mtu angeweza kumlisha.

Nikafungua wa nne. Nyuso za matanga zimerudi.

Nyumbani kwangu, juu ya runinga, kuna picha ya Kanini ya siku alipotimiza miaka minne. Haangalii kamera. Nimeipita picha ile kila siku, sijawahi kujiuliza mtoto anaangalia nini.

"Profesa," nikasema, "hawa watoto wanaangalia nini?"

Akainama, akavaa miwani. "Nimekaa na kitabu hiki miaka mingi," akasema. "Sijawahi kuona. Labda kulikuwa na mbwa."

"Hapana. Kulikuwa na kijiko."

Nikamweleza yote. Mzee yule alikaa juu ya boksi jingine tukatazamana kama wajinga wawili, halafu akanipa kitabu. Aliniambia nikirudishe nikiweza, na nisipoweza nimwambie huyo mama kwamba ana mwanafunzi mmoja Moseley.

Jioni ile ile nikaenda Sparkhill. Yaya akafungua mlango nusu.

"Shikamoo, Yaya."

"Marahaba. Kwa..."

Nikainua kitabu. Akasoma jalada. Mlango ukafunguka wote.

"Vua viatu. Nawa mikono. Umetoka kubeba makochi halafu unashika watoto wa watu?"

Nikanawa. Tukakaa jikoni. Nikamfungulia ukurasa wa nishani. Yaya hakulia, kama mnangoja alie. Aliegemea mbele mpaka pua ikakaribia karatasi.

"Heee! Huyu mkorofi, soksi moja. Nilimtafutia ya pili nyumba nzima, nikaja kuipata wamekwisha kuhama." Akagusa mfuko wa koti lake. Akafungua ukurasa. "Kobe huyu hapa, chini ya koti. Nilimwambia mwache, akasema atakuwa mpweke." Akafungua wa tatu, akacheka peke yake muda mrefu. "Na huyu maskini hachekeshwi na kijiko. Huyu alitaka choo. Nilikuwa namfanyia ishara avumilie."

"Yaya, kwa nini hukusema? Kwamba ulisimama nyuma ya mpiga picha?"

"Kwani mlidhani yaya anasimama wapi?"

Nikaanza kuomba radhi. Nilikuwa nimeipanga njiani, maneno mazuri. Akainua kijiko kunikatiza.

"Ulinicheka wapi, baba?"

"Ukumbini."

"Na hapa ni wapi?"

"Jikoni."

"Haya. Kunywa chai yako."

Basi. Nikaelewa. Sherehe iliyofuata nilikuwa wa kwanza kufika ukumbini, na si kawaida yangu, maana mimi napenda kuingia watu wakishakaa. Pilau ikaliwa. Nikasimama juu ya kiti. Watu wakaanza kucheka kabla sijasema, wakidhani ni yale yangu.

"Jamani," nikasema, "mnajua mimi nina vani saba."

"Tunajua!" ukumbi wote ukajibu.

"Vani ni zangu. Akili si yangu. Ile ya kuandika nani atakilia, nimekuwa nikiwaambia imetoka humu." Nikagonga kichwa. "Humu hakuna kitu. Imetoka kwa Yaya. Aliitoa kwenye tope, kwenye shamba la mama mkwe wa rais, mvua ikinyesha. Na mimi mbele yenu hapa hapa nilimfanya mwongo ili mnichekee. Mwongo nilikuwa mimi. Shikamoo, Yaya."

Sikuwahi kubeba kitu kizito kama maneno yale, na nimebeba piano. Yaya alikuwa amekaa na mkoba wake magotini.

"Marahaba," akasema. "Shuka, utaanguka."

Nikampelekea Mwenyekiti kitabu. Akatoa miwani, akafungua kurasa polepole, familia moja baada ya nyingine, akina mama wamemzunguka. Alipofika kwenye zile tatu, kidole chake kikarudi nyuma, kikaenda mbele, kikarudi. Akafunga kitabu, akanyoosha tai, akatembea mpaka kwa Yaya, akainama.

"Mama," akasema, "photo nimeiona. Nilikuwa natafuta wewe ndani. Kumbe uko nje."

Wakati wa picha ya chama ukafika. Mpiga picha wetu ni Msomali aliyekulia Nairobi, anapiga harusi zote za mji huu. Akatupanga kwenye ngazi za ukumbi. Mwenyekiti mwenyewe akaleta kiti chenye mto, akakiweka katikati kabisa, kwenye safu ya mbele.

"Yaya, hapa. Leo wewe ndiye rais."

Yaya akakitazama kile kiti, akatutazama sisi.

"Nikikaa hapo, nyinyi nani atawachekesha? Hebu jioneni mlivyo."

Na kweli, tulikuwa tumekaza. "Wacheni kukaa kama mko kwa picha ya pasipoti, bana!" mpiga picha akatupigia kelele. Yaya akampita taratibu, akasimama nyuma yake, upande wa kushoto. Ni mfupi, kwa hiyo kidogo chini. Akafungua mkoba.

Picha hiyo nimeitundika ofisini kwangu, kubwa kuliko leseni zote. Watu hamsini na kitu kwenye ngazi, katikati kiti kitupu chenye mto, na hakuna hata mmoja anayeangalia kamera. Mwenyekiti mdomo wazi mpaka magego yanaonekana. Kanini anajishika mbavu. Mimi, mwenye vani saba, nimefumba jicho moja na tai imenipanda begani. Mpiga picha aliikagua, akaomba msamaha, akataka turudie.

Nikamwambia asiguse kitu. Muda wote ule tulikuwa tunadai picha ya Yaya, na hii hapa imetoka.